Akiba Haimfungii Mtoto Mlango wa Chuo: Jinsi Marekani Inavyopima Kipato na Mali ya Familia

Kabla hatujafungua kompyuta, mama yule aliniuliza kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, hizi hela nizitoe benki kwanza?"

Zilikuwa dola 14,000. Alizikusanya kwa miaka kumi na moja, kidogo kidogo, kutokana na zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Binti yake alikuwa anamaliza sekondari na tulikuwa tunakaa kujaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya Marekani ya kuombea msaada wa masomo ya chuo. Mtu mmoja alikuwa amemwambia kwamba serikali ikiona akiba, mtoto hapati hata senti.

Nimekutana na hofu hiyo kwa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili huku Marekani, na inaniuma kwa sababu inaharibu mara mbili. Wapo wanaoacha kuweka akiba kabisa wakidhani wanamlinda mtoto, na wapo wasiojaza fomu wakiamini wameshakosa. Wote wanapoteza pesa halali. Ukweli ni kwamba katika hesabu ya serikali akiba ya wazazi ina uzito mdogo sana ukilinganisha na kipato chao. Kinachobadilisha mambo zaidi ni jina lililoandikwa kwenye akaunti.

Tuanze na namna hesabu yenyewe inavyokwenda. Ukimaliza kujaza FAFSA, serikali inakupa namba moja inayoitwa SAI, yaani kielezo cha msaada wa mwanafunzi. Zamani namba hii iliitwa EFC, yaani mchango unaotarajiwa wa familia, na jina hilo lilifanya watu waamini kuwa ndicho kiasi ambacho familia italipa. Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2020 ilibadilisha jina na sehemu kubwa ya kanuni, na mabadiliko hayo yalianza kutumika mwaka wa masomo 2024–25. SAI inaweza kuwa sifuri, na inaweza hata kushuka chini ya sifuri hadi hasi 1,500. Chuo kinachukua gharama zake zote za mwaka, yaani ada, malazi, chakula, vitabu na usafiri, kinaondoa humo SAI yako, na kinachobaki ndicho kinachoitwa uhitaji. Kadiri SAI inavyokuwa ndogo, ndivyo uhitaji unavyokuwa mkubwa na ndivyo mlango wa ruzuku unavyofunguka.

Kipato kinachotazamwa ni cha miaka miwili nyuma. Anayeomba msaada wa mwaka wa masomo 2026–27 anapimwa kwa kipato cha 2024. Takwimu hizo siku hizi hazijazwi kwa mkono. Zinavutwa moja kwa moja kutoka IRS, mamlaka ya kodi, baada ya mwanafunzi na kila mzazi anayehusika kutoa ridhaa. Hapa nataka msomaji asikie vizuri: mzazi asipotoa ridhaa, SAI haikokotolewi, na mtoto hapati msaada wowote wa serikali kuu. Nimeona baba akikataa kubonyeza kitufe hicho kwa kuogopa "kufuatiliwa". Taarifa zile IRS inazo tayari, maana ndiko zinakotoka. Na mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti na kushiriki, ili mradi mtoto mwenyewe anastahili: awe raia, mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), mkimbizi aliyepokelewa rasmi, aliyepewa hifadhi, au katika makundi mengine machache yanayotambuliwa. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hayumo katika mpango huu.

Kipato kikishapatikana, kinapunguzwa. Kodi ya mapato ya serikali kuu inatolewa. Makato ya Social Security (hifadhi ya jamii) na Medicare (bima ya afya ya wazee) yanatolewa. Wazazi wanaofanya kazi wanapewa punguzo dogo la gharama za kazi. Kisha linatolewa fungu kubwa kuliko yote, linalokusudiwa kulinda mahitaji ya lazima ya nyumba. Fungu hili linategemea idadi ya watu katika familia, na kwa familia ya watu wanne linazidi dola 40,000. Kilichobaki baada ya hapo ndicho serikali inachokiona kama pesa inayoweza kuelekezwa chuoni, na hata hicho hakichukuliwi chote. Kinakatwa kwa ngazi, kuanzia asilimia 22 kwa familia za kipato cha chini na cha wastani, hadi asilimia 47 kwa kila dola iliyo katika ngazi ya juu kabisa.

Akiba inaingia kwa mlango mwingine. Mali za wazazi zinazohesabiwa zinajumlishwa, na asilimia 12 tu ya jumla hiyo ndiyo inayoongezwa kwenye kile kilichobaki cha kipato. Baada ya hapo inapita katika ngazi zile zile za asilimia 22 hadi 47. Kwa maana hiyo, hata mzazi wa ngazi ya juu kabisa hawezi kuguswa zaidi ya asilimia 5.64 ya akiba yake, maana asilimia 47 ya 12 ni hiyo. Zamani kulikuwa pia na kiasi cha akiba kilichosamehewa kulingana na umri wa mzazi, lakini kinga hiyo imepungua mwaka hadi mwaka mpaka ikafika sifuri. Naiona kuwa hasara isiyo ya haki kwa wazazi wanaojitahidi.

Sasa turudi kwa mama yetu. Yeye na mumewe, ambaye ameajiriwa kama dereva wa lori, waliingiza pamoja kama dola 78,000, na nyumbani ni watu wanne. Kwa kipato hicho wapo kwenye ngazi ya asilimia 22. Chukua asilimia 12 ya dola 14,000, unapata 1,680. Asilimia 22 ya hizo ni kama dola 370. Basi. Akiba ya miaka kumi na moja ingeongeza SAI ya binti kwa dola 370. Lakini kama mama angeingiza dola 14,000 hizo hizo kama mshahara wa ziada mwaka 2024, baada ya kutoa kodi na makato, SAI ingepanda kwa dola 2,400 au zaidi.

Nilipomwonyesha tarakimu hizo alinyamaza kidogo, kisha akatoa karatasi ya benki. Akaunti haikuwa na jina lake. Aliifungua kwa jina la binti, "ili zisiguswe na mtu mwingine yeyote." Pendo lake ndilo lililomponza. Mali ya mwanafunzi inapimwa kwa kipimo tofauti kabisa: asilimia 20 moja kwa moja, bila kinga na bila ngazi. Dola 14,000 kwa jina la binti zinaongeza SAI kwa dola 2,800. Tofauti kati ya jina la mama na jina la binti ni zaidi ya dola 2,400, na kwa mwanafunzi anayetegemea ruzuku, hiyo si pesa ndogo.

Kama pesa imewekwa katika akaunti ya kisheria ya mtoto, zile zinazoitwa UTMA au UGMA, ni mali ya mtoto, na mzazi hawezi kuirudisha kwake kwa sababu tu hesabu inamuumiza. Njia halali iliyopo ni kuihamishia katika akaunti ya 529 ya mtoto huyo huyo. Akaunti ya 529 ni ya akiba ya masomo na faida yake haitozwi kodi ikitumika kwa elimu. Kwa mwanafunzi anayemtegemea mzazi, FAFSA inaihesabu kama mali ya mzazi hata ikiwa kwa jina la mtoto. Mwenye hisa ndani ya UTMA itabidi aziuze kwanza, na faida ya mauzo inaweza kudaiwa kodi, kwa hiyo ni jambo la kufanywa mapema na siyo wiki ya kujaza fomu. Kwa anayeanza leo, ushauri wangu ni mfupi: weka kwa jina lako, au fungua 529.

Babu, bibi, mjomba na shangazi wamepata nafuu kubwa tangu 2024–25. Akaunti ya 529 wanayoimiliki wao haionekani kwenye FAFSA kabisa, na pesa inayotoka humo kumlipia mtoto haihesabiwi tena kuwa kipato chake kama ilivyokuwa zamani.

Swali la pili la mama lilikuwa: "Na nyumba je?" Nyumba mnayoishi haihesabiwi, iwe imelipiwa yote au nusu. Akaunti za uzeeni, 401(k) na nyinginezo, hazihesabiwi. Magari, samani na thamani ya bima ya maisha havihesabiwi. Kinachohesabiwa ni pesa taslimu, akaunti za benki, hisa na uwekezaji mwingine, na nyumba au ardhi nyingine yoyote mliyo nayo. Neno "yoyote" lina uzito kwetu, kwa sababu wengi wetu tuna kiwanja au nyumba inayojengwa polepole nje ya Marekani. Fomu haibagui nchi. Unatakiwa kuandika thamani yake ya soko siku unayojaza, ukitoa deni linalohusu mali hiyo. Najua inakera, hasa kwa nyumba isiyo na paa bado. Lakini kwa kipimo cha mzazi, kiwanja cha thamani ya dola 8,000 kinaongeza SAI kwa kati ya dola 211 na 451 tu. Kuandika uongo kwenye fomu ya serikali ili kuokoa kiasi hicho ni hatari isiyo na maana, na vyuo vinaweza kukuita kuhakiki taarifa zako.

Pesa unazowatumia ndugu kila mwezi, kwa upande mwingine, hazipunguzi chochote. Hesabu inajali watu unaowatunza hapa kwa mujibu wa kanuni zake, na baba mzee unayemlipia dawa akiwa mbali hana nafasi kwenye fomu. Nikiwa mkweli, hili ndilo eneo ambalo kanuni haioni kabisa maisha ya familia za wahamiaji.

Mali, tofauti na kipato, inapimwa kwa siku moja tu: siku unayojaza na kusaini fomu. Ukijaza leo, salio la leo ndilo linaloandikwa. Deni la kadi ya benki au la gari halipunguzi akiba yako kwenye hesabu, kwa hiyo mtu mwenye dola 6,000 benki na deni la kadi la dola 5,000 anaonekana kuwa na dola 6,000. Akilipa deni hilo kabla ya kujaza, anabaki na 1,000, na ameondokana na riba. Hilo ni halali na ni busara hata pasipo habari ya chuo. Vivyo hivyo kwa wanaocheza upatu: zamu yako ikiangukia wiki hiyo, pesa iliyoko kwenye akaunti yako na ni yako inaandikwa.

Halafu kuna familia ambazo akiba zao hazitazamwi hata kidogo, na ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa mtu yeyote katika familia alipata msaada wa serikali wa chakula, matibabu au kipato, kama SNAP, Medicaid, WIC, SSI au chakula cha bure shuleni, katika kipindi cha karibu kinachotajwa kwenye fomu, mali hazihesabiwi. Ikiwa kipato cha wazazi kwenye kodi kiko chini ya dola 60,000 na ritani yao, yaani fomu ya kodi wanayowasilisha, ni ya kawaida isiyo na viambatisho fulani, mali hazihesabiwi. Na anayestahili kwa kipato chake ruzuku kamili ya Pell, ruzuku ya serikali kuu nitakayoieleza hapa chini, mali zake pia haziguswi. Kwa hiyo mzazi mwenye kipato cha dola 48,000 anayeficha dola 5,000 chini ya godoro amejinyima usingizi bure.

Wanaojiajiri wawe waangalifu hapo. Dereva wa Uber, mwenye lori lake, fundi wa nywele anayekodi kiti, hao wanawasilisha kiambatisho C kwenye kodi. Faida au hasara ikizidi dola 10,000, ule msamaha wa dola 60,000 haumhusu, hata kama jumla ya kipato chake ni ndogo. Habari njema kwao imekuja na sheria iliyosainiwa Julai 2025: kuanzia mwaka wa masomo 2026–27, thamani ya biashara ndogo ya familia yenye wafanyakazi wasiozidi 100 haihesabiwi tena kama mali, na shamba ambalo familia inaishi juu yake nalo limerudishiwa msamaha. Kwa miaka miwili iliyotangulia vyote hivyo vilihesabiwa.

Nimetaja Pell. Hii ni ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, hairudishwi, na kiwango chake cha juu ni dola 7,395 kwa mwaka. Namna ya kuipata imekuwa wazi zaidi kuliko zamani. Wazazi wawili ambao kipato chao hakizidi asilimia 175 ya mstari wa umaskini, mtoto wao anapata Pell kamili. Mzazi anayelea peke yake, kikomo ni asilimia 225. Mwaka 2024 mstari huo kwa familia ya watu wanne ulikuwa dola 31,200, kwa hiyo vikomo hivyo ni dola 54,600 na dola 70,200. Juu ya hapo, ruzuku hupatikana kwa kutoa SAI kwenye 7,395. Mwenye SAI ya 4,000 anapata dola 3,395. Hapa ndipo zile dola 2,400 za jina la akaunti zinapogeuka kuwa pesa ya kushika mkononi.

Mtoto mwenye kazi naye ana hesabu yake. Kipato chake cha mwaka kinalindwa hadi takriban dola 11,000, na kinachozidi kinakatwa nusu kwa nusu. Kijana anayepata dola 6,000 kwa kufanya kazi dukani wikendi hana cha kuogopa. Na kazi za chuoni chini ya mpango wa serikali wa kazi-na-masomo zinaondolewa kwenye hesabu.

Kuhama nyumbani hakumfanyi mtoto ajitegemee mbele ya FAFSA. Hata wazazi wakiacha kumwandika kwenye kodi yao, kipato chao kitatakiwa mpaka afikishe miaka 24, isipokuwa kama ameoa au ameolewa, ana mtoto anayemtunza, amekuwa jeshini, ni yatima, au yumo katika hali nyingine zinazofanana na hizo. Wazazi wakiwa wametengana, anayejaza ni yule aliyemtunza mtoto kwa fedha nyingi zaidi katika miezi 12 iliyopita, na kama ameoa au ameolewa tena, kipato cha mwenzi mpya kinaingia.

Badiliko moja la 2024–25 limewaumiza wenye watoto wanaofuatana. Zamani, ukiwa na wawili chuoni kwa wakati mmoja, mchango wa wazazi uligawanywa kwa mbili. Siku hizi haugawanywi. Familia yenye mapacha inapimwa kana kwamba kila mtoto ni wa pekee. Ukiwa katika hali hiyo kieleze chuo kwa maandishi, kwa sababu vyuo vingi bado vinalitazama jambo hilo katika pesa zao wenyewe.

Pesa za vyuo ni habari nyingine. Vyuo vingi binafsi, na vichache vya umma, vinataka fomu ya pili, CSS Profile, inayosimamiwa na College Board. Hii inachimba zaidi. Inaweza kuuliza thamani ya nyumba mnayoishi, inaweza kumtaka na mzazi wa pili aliyetengana nanyi, na kila chuo kinatumia majibu kwa namna yake. Ina ada, lakini familia nyingi zenye kipato kisichozidi dola 100,000 hazilipi. Msiiogope kwa sababu ya ugumu wake. Nyuma ya fomu hiyo ndiko waliko wenye mifuko mikubwa: kuanzia mwaka wa masomo 2025–26, Harvard haimtozi chochote mwanafunzi ambaye familia yake ina kipato kisichozidi dola 100,000 na mali za kawaida, na MIT ina mpango unaokaribiana na huo. Kwa mtoto wa mama yule, chuo chenye bei kubwa kuliko vyote kingeweza kuwa cha bei ndogo kuliko vyote.

Vyuo vingi, hata hivyo, havina uwezo huo. Chukua chuo chenye gharama ya dola 32,000 na mwanafunzi mwenye SAI ya 4,000. Uhitaji kwenye karatasi ni dola 28,000. Anapata Pell ya 3,395, chuo kinampa ruzuku ya 9,000, na mkopo wa serikali wa mwaka wa kwanza, ambao kikomo chake ni dola 5,500. Katika zile 32,000, bado dola 14,105 hazijapata mwenyewe, na hakuna sheria inayokilazimisha chuo kuziba pengo hilo. Hapo ndipo akiba inapofanya kazi yake. Mzazi aliyezitoa hela benki kwa hofu anabaki na mkopo. Kila chuo kinachopokea msaada wa serikali kuu kinatakiwa kuweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha gharama halisi. Kitumieni kabla mtoto hajaweka moyo wake mahali.

FAFSA yenyewe ni bure, inajazwa kwenye studentaid.gov, na kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Majimbo na vyuo vina tarehe zao, na baadhi hutoa pesa mpaka ziishe, kwa hiyo kujaza Oktoba na kujaza Machi ni vitu viwili tofauti. Inajazwa upya kila mwaka.

Mama yule alijaza kama alivyo, akaunti na yote. Miezi mitano baadaye alinipigia: mumewe alikuwa amepunguziwa safari tangu mwanzo wa mwaka, na kipato cha 2024 kilichoko kwenye fomu hakikuwepo tena. Sheria inairuhusu ofisi ya misaada ya chuo kurekebisha takwimu za mwanafunzi mmoja mmoja kazi inapopotea, ugonjwa unapokula mshahara au ndoa inapovunjika, lakini ofisi haitajua usipoiambia. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja, tukaambatanisha stakabadhi za mshahara za miezi mitatu na barua ya mwajiri. Wiki nne baadaye ofisi ilitumia kipato kipya badala ya kile cha zamani. Ruzuku ikaongezeka, na zile dola 14,000, ambazo tayari zilikuwa zimehamia akaunti ya 529, zikatosha kufuta kilichobaki cha mwaka wa kwanza.